Nina cheti cha ufundi kucha, lakini saluni hawanitaki

Shikamoo dada,

Naomba unisaidie mawazo, maana peke yangu nimefika mahali sioni njia.

Nina miaka 22, naishi Mbagala na mama pamoja na wadogo zangu wawili. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, mama akakopa kwenye kikoba chao akanilipia kozi ya miezi sita kwenye chuo kimoja cha urembo hapa Dar. Ada ilikuwa laki sita na nusu, mbali na vifaa. Nilichagua kucha kwa sababu napenda kazi ya mikono, na mtaani nawaona dada zetu wanavyopata wateja. Darasani sikukosa. Cheti ninacho, na mtihani wa vitendo nilikuwa wa pili.

Tatizo limeanza kwenye kutafuta kazi. Saluni moja ya Mikocheni waliniita kwa majaribio. Mwenye saluni akanipa mteja aliyekuja kujaziwa kucha za jeli ya kujengea, zimeshaota kama wiki tatu. Akanisogezea mashine ya kuchonga na kiboksi cha vichwa vyake, kila kichwa na umbo lake, kila kimoja na mstari wa rangi shingoni. Chuoni mashine tuliiona ndani ya kabati la kioo tu. Mwalimu alisema ni hatari, tutumie tupa ya mkono. Nikachagua kichwa kwa kubahatisha. Hata kidole kimoja sijamaliza, yule mteja akavuta mkono, akasema namchoma.

Mwenye saluni akakaa yeye, akamaliza kazi huku mimi nimesimama pembeni. Baadaye akaniuliza kwa upole: "Kilele cha ukucha huwa unakiweka wapi?" Sikuelewa hata swali. Akaniuliza chuoni tulikuwa na taa gani. Nikamwambia ni ile ya balbu nne, moja imeungua, tunaitumia wanafunzi wote kwa zamu. Akatikisa kichwa.

Sisi dada tulifundishwa kubandika tipsi (zile kucha za plastiki) kwa gundi, kuweka poda na maji ya akriliki, kuchora maua kwa kijiti, kuosha miguu na kupaka rangi ya kawaida. Notisi ni fotokopi ya fotokopi, picha zimekuwa nyeusi huoni kidole kiko wapi. Jeli tuligusiwa wiki za mwisho tu. Mtihani tulifanyia kwenye mkono wa plastiki, na mkono wa plastiki hauvuti ukiumia.

Kuna na jambo jingine. Tangu tulipoanza jeli, na baadaye nikawa nawafanyia marafiki nyumbani, vidole gumba na vya shahada vinaniwasha, ngozi inachanika pembeni ya kucha. Juzi kope zimevimba. Mwalimu alituonyesha jeli ikimwagika kwenye ngozi unaifuta kwa kidole, na mimi ndivyo ninavyofanya. Wenzangu wanasema ni mikono inazoea kazi.

Sasa njia ziko tatu. Chuo kinasema nirudi "kozi ya juu", miezi miwili, laki nne. Kuna dada wa Sinza mwenye wafuasi wengi mtandaoni, anatoa darasa la siku tatu kwa laki tatu, na picha za kazi zake ni nzuri mno. Na yule mama mwenye saluni aliniambia nikitaka niende nikajifunze kwake, nisafishe vifaa na kuosha miguu ya wateja, atanipa nauli tu. Mama bado anarudisha mkopo wa kwanza kila wiki. Naona aibu kumwambia kwamba kile cheti hakijanisaidia. Nifanye nini?

Mwenye Cheti, Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Barua yako imejaa mambo, lakini mimi naanza na vidole vyako, kwa sababu cheti kinaweza kusubiri na vidole haviwezi.

Huko si kuzoea kazi. Jeli ikiwa mbichi ina kemikali za jamii ya akrileti, na inayotajwa zaidi katika kesi kama yako inaitwa HEMA. Zikigusa ngozi mara kwa mara kabla hazijakauka, mwili unaweza kuzihesabu kuwa adui, na ukishazihesabu hivyo hausahau. Mzio wa aina hii kwa kawaida hubaki na mtu maisha yake yote. Dalili ndizo hizo ulizoandika bila kujua kwamba unaziandika: gumba na kidole cha shahada, pembeni ya ukucha, kisha kope, kwa kuwa mkono hugusa uso mara nyingi kwa siku bila mwenyewe kukumbuka. Na madhara hayaishii saluni. Akrileti za ukoo huo zimo kwenye dawa anayoitumia daktari wa meno kuziba jino, zimo kwenye saruji ya mifupa ya anayebadilishwa nyonga, na kwenye gundi ya baadhi ya vipima sukari vinavyobandikwa mwilini. Msichana wa miaka 22 hapaswi kufungiwa milango hiyo kwa sababu ya kufuta jeli kwa kidole.

Kwa hiyo kuanzia leo usiguse jeli wala akriliki, hata ya rafiki, hata "ya mwisho". Nenda ukaonwe na daktari wa ngozi. Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, na wasomaji wetu wa kaskazini wana KCMC pale Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Ukifika usiseme "naumwa mkono" ukaishia hapo. Mwambie unafanya kazi ya kucha, mtajie akrileti, na mwonyeshe chupa zenyewe au picha za maandishi yake. Na tafadhali usinunue krimu ya kupunguza muwasho duka la dawa, ukapaka na kuendelea na kazi. Muwasho utatulia kwa siku chache, na mguso utakuwa unaendelea kukuharibu chini chini.

Daktari akisema si mzio, utarudi kwenye jeli ukiwa na adabu mpya: haigusi ngozi kabisa, ya mteja wala yako. Ikimwagika unaiondoa kwa kijiti kabla mkono haujaingia kwenye taa. Glavu za naitraili ni afadhali kuliko za mpira wa kawaida, ila hata hizo kemikali hizi hupenya baada ya muda, hivyo glavu ikishalowa jeli inavuliwa na kutupwa palepale. Akisema ni mzio, usilie ukadhani kazi imekwisha. Kuna kazi nzima ya kutunza kucha za asili na miguu, na katika mji wenye joto na vumbi kama Dar, mtu anayejua kutengeneza kisigino kilichopasuka bila kukikata kwa wembe hakosi wateja. Nitarudi huko, maana ndiko naona riziki yako ya sasa ilipo.

Sasa twende kwenye masomo.

Wengi watakuambia ulifundishwa mambo ya zamani. Ni kweli, lakini angalia vizuri kipi hasa ni cha zamani, usije ukalipia tena kitu kilekile. Akriliki si dhambi. Mafundi wazuri duniani kote bado wanaitumia. Kilichokuangusha Mikocheni ni kwamba ulifundishwa hatua bila sababu zake. Chukua lile swali la kilele. Kilele ni sehemu nene kuliko zote ya ukucha uliojengwa. Hukaa juu ya eneo la mkazo au nyuma yake kidogo, yaani pale ukucha unapoachana na nyama. Ncha huwa nyembamba, na kule karibu na ngozi pia ni pembamba. Mteja akijigonga mlangoni, nguvu inapokelewa na ule unene, ukucha wake wa asili unabaki salama. Hilo si jambo la jeli peke yake. Ukucha wa akriliki nao una kilele, tena ulikuwa nacho tangu zamani. Mwalimu angekufundisha kilele kwenye poda yake hiyohiyo, kwa notisi zake hizohizo nyeusi, ungemjibu yule mama wa Mikocheni bila kusita.

Taa yenu nayo ni hivyo hivyo. Taa za balbu nne, wati 9 kila moja, zilitosha kwa jeli za wakati wake, ambazo zilikaa ndani kama dakika mbili. Siku hizi jeli nyingi zimetengenezewa taa za LED, zinakauka kwa sekunde 30 hadi 60, na kila jeli inataka mwanga wa urefu fulani wa mawimbi, aghalabu nanomita 365 au 405. Balbu ikichoka, au moja ikiungua kama yenu, jeli inakauka juu na kubaki mbichi chini. Kwa macho huoni kitu. Unapiga topu, ile tabaka ya mwisho ya juu, unang'arisha, mteja anaondoka amefurahi huku amevaa kemikali mbichi juu ya ukucha wake. Baada ya wiki kadhaa anarudi na vidole kama vyako. Mwalimu aliyeiona balbu ile imeungua na kuwaambia mwendelee hakujua, au hakujali, kwamba taa ni sehemu ya kemia ya jeli. Nami nasema wazi kwamba hilo limeniudhi kuliko yote katika barua yako. Kukosa pesa ya vifaa vipya naelewa. Kuwaacha watoto wa watu wajifunzie kwenye taa mbovu bila kuwaambia inafanya nini, hapana.

Na yule mteja uliyemchoma? Joto la mashine linatokana na vitu vitatu: kasi, kukandamiza, na kuganda mahali pamoja. Ile mistari ya rangi kwenye vichwa inaeleza ukali. Kwa watengenezaji wengi njano ni laini kabisa, nyekundu laini, buluu ya kati, kijani kali, nyeusi kali zaidi. Kichwa hulazwa sambamba na ukucha, hakisimamishwi kwa ncha, na mkono hauachi kutembea. Mashine ni hatari kweli, mwalimu wako hakusema uongo. Lakini kitu cha hatari ndicho hasa mtu anakwenda chuo kufundishwa. Kukifungia kwenye kabati la kioo ni kumwacha mwanafunzi akijifunzie kwenye kidole cha mtu.

Zipo tofauti ambazo kweli zimeletwa na wakati, na notisi za zamani haziwezi kuwa nazo. Rangi ya jeli inayovuliwa kwa kuloweka asetoni ilishika soko mwaka 2010 ilipotoka Shellac ya kampuni ya CND. Baada yake zikaja jeli za kujengea za kwenye chupa, polijeli (mchanganyiko wa jeli na akriliki), na tipsi laini zinazofunika ukucha mzima. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu tu, na ziandikwe onyo la mzio. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 umoja huo umeipiga marufuku kabisa TPO, kiungo kinachosaidia jeli kukauka kwenye mwanga. Wewe huko Mbagala hubanwi na sheria za Ulaya, lakini ukisimama Kariakoo mbele ya rafu la jeli, geuza chupa usome. Ikiwa hakuna orodha ya viungo, hakuna jina la mtengenezaji wala tarehe, irudishe hata kama ni ya elfu tatu.

Na kwa kuwa poda mliifundishwa, uliza pia mlifundishwa kwa maji gani. Kuna maji ya akriliki yenye kemikali iitwayo MMA, ambayo ni rahisi kwa bei na makali kwa kucha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizichukulia hatua bidhaa zenye MMA tupu tangu miaka ya 1970, baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuumia. Bidhaa nzuri hutumia kemikali nyingine, EMA. Utaitambua MMA kwa harufu yake kali ya kipekee, na zaidi kwa ukaidi wake: unaloweka kwenye asetoni weee, haitoki, unalazimika kuisaga. Inakuwa ngumu kiasi kwamba mteja akijigonga, kinachokatika ni ukucha wake wa asili, tena kuanzia chini.

Usafi sijasikia ukiutaja, na kimya hicho kinanitia wasiwasi. Lile kabati dogo la mwanga wa buluu lililo kwenye saluni nyingi halitakasi vyombo, linavihifadhi tu. Chombo cha chuma kinasuguliwa kwanza kwa brashi na sabuni, kwa sababu dawa haipiti kwenye uchafu, ndipo kinatiwa dawa. Jik ya asilimia 3.5 unachanganya kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, unaloweka dakika 10, unasuuza na kukausha ili chuma kisile kutu. Soma chupa kwanza, maana si zote zina nguvu sawa. Saluni yenye mashine ya mvuke kama za hospitali, inayofika nyuzi 121, imekwenda mbali zaidi. Haya si mapambo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na mkasi wa kukatia ngozi hutoa damu hata mkono wa fundi ukiwa mwepesi.

Umeshaona ninakoelekea. Kwenye njia zako tatu, mimi nachagua Mikocheni.

Kozi ya juu ya chuo usiilipie, angalau si kwa sasa. Kama walimu ni walewale na taa ni ileile, utanunua miezi miwili mingine ya fotokopi. Darasa la Sinza silikatai moja kwa moja, kuna mafundi wa mtandaoni wanaojua kazi hasa. Lakini picha ya ukucha uliopigwa dakika tano baada ya kumaliza haithibitishi kitu. Kila ukucha unapendeza siku hiyo. Mwombe akuonyeshe kazi yake ikiwa na wiki tatu, picha ya pembeni, isiyofunikwa na mikoba na maua. Hapo utaona kama imenyanyuka, kama kilele kimesogea, kama ngozi ina afya. Muulize mtakuwa wanafunzi wangapi kwa taa moja, utafanya kwenye mikono ya watu halisi mara ngapi, na kama atafundisha kuvua. Swali la kuvua litakwambia mengi. Mwalimu asiyefundisha kuvua anafundisha kubandika halafu kubandua kwa nguvu, na tabaka za ukucha wa mteja huondoka na jeli. Ukucha wa mkono huota takriban milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo ukiubandua kwa nguvu mteja anakaa karibu nusu mwaka akisubiri uwe mpya kabisa. Kama dada wa Sinza anajibu haya bila kukasirika, muweke akiba, utamrudia ukiwa na pesa yako mwenyewe na vidole vilivyopona.

Yule mama wa Mikocheni alikukalia chini, akamaliza kazi uliyoiharibu, na hakukutukana mbele ya mteja. Alikuuliza maswali mawili, na yote mawili yalikuwa maswali ya mwalimu. Mwanangu, watu wa namna hiyo ni wachache kwenye hii kazi. Na kazi aliyokupa, ya vyombo na miguu, ndiyo hasa unayoweza kuifanya wakati hujui hatima ya mzio wako. Jifunze miguu kwa dhati. Jifunze kumuuliza kila mteja kama ana kisukari kabla mguu haujaingia kwenye beseni, kwa sababu mwenye kisukari anaweza asisikie kidonda, na mkato mdogo wa kisigino ukampeleka hospitali. Jifunze kutofautisha ngozi iliyokufa inayong'ang'ania juu ya ukucha, ambayo inaondolewa, na ile ngozi hai inayoziba mzizi, ambayo haikatwi. Jifunze kuukataa ukucha wenye fangasi au doa la kijani, na kumweleza mteja kwa heshima kwa nini humfuniki kwa rangi bali unamwelekeza kwa daktari. Ukikaa pale macho wazi, utaona kilele kikijengwa kila siku bila kulipa hata shilingi.

Ila usiende kama kijakazi. Nauli peke yake kwa muda usiojulikana si mafunzo. Kaa naye mkubaliane, na muandike hata kwenye karatasi ya daftari: utakuwa hapo miezi mingapi, nani atakufundisha, siku zipi, lini utaanza kumgusa mteja chini ya uangalizi wake, na miguu unayoiosha inakuingizia asilimia gani kuanzia mwezi wa ngapi. Omba chakula cha mchana kiwemo. Mwambie habari ya vidole vyako kabla hajakuta mwenyewe. Fundi makini atakuheshimu zaidi kwa hilo, na kama akikwambia "ni kawaida tu", basi nami nitapunguza sifa nilizompa. Jioni nyumbani, daktari akishakuruhusu, bandika tipsi kwenye kipande cha ubao ufanyie mazoezi hapo, si kwa marafiki.

Ukishashika kazi, uliza chuo cha VETA kilicho karibu nawe kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ule utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Uulize kama fani za saluni zimo kwenye awamu inayofuata. Majirani zetu wa Kenya wana kitu cha kufanana nacho, mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, na nawafahamu wadada wa Mombasa waliopanda daraja kwa daraja bila kukaa darasani tena.

Chuo chako usikiache hivihivi. Tafuta kipeperushi walichokupa wakati wa kujiandikisha pamoja na risiti za mama. Kama kiliandika jeli na mashine, na hamkufundishwa, mna haki ya kudai. Waite wenzako wa darasa, muandike barua moja ya staha kwa mkuu wa chuo, muombe vitu vinavyoshikika: taa nzima zinazolingana na jeli, mashine itoke kabatini, na fundi anayefanya kazi sasa aje kufundisha walau kwa siku kadhaa, nanyi mliokwisha kulipa mhudhurie bila ada nyingine. Angalia pia kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Kama kimesajiliwa, hapo pana mahali pa kupeleka malalamiko iwapo barua itapuuzwa. Msianze kwa kumwanika mwalimu mtandaoni. Inawezekana kabisa alifundishwa mara moja, miaka mingi iliyopita, akapewa chaki, na tangu siku hiyo hakuna aliyempeleka saluni kuona kazi imefika wapi. Wenye vyuo wanaosoma safu hii, hapo ndipo pa kuweka pesa: mwalimu wa kucha akae kwenye saluni yenye wateja kila mwaka, kabla hamjapaka rangi ukuta wa ofisi.

Kuhusu mama, mwambie leo. Mwonyeshe na vidole. Hakukopa ili upate karatasi, alikopa ili upate kazi, na ana haki ya kujua kazi imekwama wapi kabla ya mtu mwingine kumwomba laki nne. Akijua ukweli, huenda yeye ndiye atakayekusindikiza Muhimbili, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupa visigino vyake ufanyie mazoezi.